Sandwichi za Kocha Rob

Kwa miaka sita nimepita kwenye kibao cha Grambling bila kupunguza mwendo. Ukitoka Dallas kwa barabara ya I-20 kwenda Mississippi, unaivuka Shreveport, unaingia kwenye misonobari ya kaskazini mwa Louisiana, na kabla hujafika Ruston kibao kinakuambia hapa ndipo pa kutokea kwenda Grambling. Kwangu mimi dereva wa lori kilikuwa cha kuhesabia muda tu. Nikikiona, najua Monroe imebaki dakika kama arobaini, na kwamba huko naweza kunyoosha mgongo.

Agosti iliyopita mwanangu alinipigia simu nikiwa nimeegesha Vicksburg. Ana miaka 15. Tangu alipoanza kucheza futiboli ya huku Marekani amekuwa kotabeki, yule anayepokea mpira kila mpango unapoanza, anausoma ulinzi wa wapinzani kwa sekunde mbili tatu, halafu anaamua aurushe kwa nani. Ndiye anayeubeba mchezo mzima kichwani. Sauti yake siku hiyo ilikuwa ya chini.

"Baba, wamenihamisha."

Kocha wa shule alimwambia ana mbio na ana mikono mizuri, kwa hiyo akacheze pembeni, awe mpokeaji, yule anayekimbia kudaka pasi za kotabeki. Nafasi yake kapewa mwenzake. "Hawajanitazama hata siku moja nikirusha," akasema, halafu akanyamaza, nami nikakosa la kumwambia. Jina la shule silitaji, na kocha yule simjui kiasi cha kumhukumu. Pengine aliona jambo ambalo mimi baba mtu siwezi kuliona. Lakini lile neno, "ana mbio", lilinikaa rohoni usiku kucha. Mbona walimsifia miguu, na kichwa chake hawakukigusa?

Kesho yake nilikuwa kwenye ghala mjini Jackson nasubiri kushusha mzigo. Jirani yangu kwenye foleni alikuwa dereva mzee, Mmarekani mweusi, mwenyeji wa Monroe. Nilimweleza habari ya kijana. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama namjua James Harris. Simjui. Doug Williams? Jina nimelisikia. Na Kocha Rob? Nikatikisa kichwa. Mzee akanitazama kama mtu anayemtazama jirani aliyeishi karibu na kisima miaka yote huku akinunua maji. Akasema ukirudi Texas, simama Grambling, wana makumbusho pale, ingia ndani usome kila kitu ukutani.

Nilisimama. Nimesimama mara nne sasa, na katikati ya safari hizo nimesoma kila nilichoweza kukipata juu ya huyo Kocha Rob, jina lake kamili Eddie Gay Robinson, aliyefundisha futiboli katika chuo cha Grambling. Ninayoyaandika hapa namwandikia mwanangu kwanza, kisha yeyote anayesoma Kiswahili ambaye kama mimi amekuwa akilipita jina hili kwa mwendo wa maili 65 kwa saa.

Alizaliwa tarehe 13 Februari 1919, Jackson ya Louisiana, mji mdogo usiohusiana na Jackson ile ya Mississippi. Baba yake alilima shamba la mtu kwa kugawana mazao, mama yake alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Familia ikahamia Baton Rouge. Alipokuwa darasa la tatu, kocha wa shule ya sekondari ya McKinley aitwaye Julius Kraft alikuja shuleni kwao na wachezaji wake wamevaa jezi, kuuza tiketi za mechi. Mtoto akamtazama yule mwalimu, namna vijana wale wakubwa walivyomsikiliza, akajisemea kwamba kazi yake itakuwa ile. Wengine tukiwa na umri huo hubadilisha ndoto kila mvua inaponyesha. Yeye hakubadilisha.

Akasoma McKinley, akaenda chuo kidogo cha Leland kilichokuwa Baker, nje kidogo ya Baton Rouge, akawa kotabeki chini ya kocha Reuben Turner, ambaye pia alikuwa mhubiri wa Kibaptisti. Turner ndiye aliyemwonyesha kwamba mchezo unaweza kuandikwa kwenye daftari, mpango kwa mpango, na ndiye aliyempeleka kwenye semina yake ya kwanza ya makocha. Alipomaliza mwaka 1941 akamwoa Doris Mott, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimtafuta kocha mweusi wa miaka 22, akaajiriwa kwenye kinu cha kusaga chakula cha mifugo kwa senti 25 kwa saa.

Kisha ikaja habari kwamba kuna chuo cha weusi huko kaskazini kinatafuta kocha. Ndicho kilichokuja kuitwa Grambling. Wakati huo kilikuwa na jina refu, Louisiana Negro Normal and Industrial Institute, na chimbuko lake ni shule iliyoanzishwa mwaka 1901 na Charles P. Adams, aliyetumwa na Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi mashuhuri wa weusi, kuwasaidia wakulima wa eneo lile kujipatia elimu. Mkuu wa chuo, Ralph Waldo Emerson Jones, mwenyewe alikuwa akifundisha timu ya besiboli. Akampa Robinson kazi kwa dola 63.75 kwa mwezi.

Kwa mshahara huo alifanya nini? Hapa ndipo niliposimama muda mrefu pale makumbusho. Alifundisha futiboli, na michezo mingine pia. Alikata nyasi za uwanja. Alichora mistari ya chokaa. Aliwafunga bandeji vifundo vya miguu kabla ya mechi. Wakati wa mapumziko aliongoza gwaride la wasichana. Mechi ikiisha, aliandika mwenyewe habari ya mchezo na kuipeleka magazetini. Na timu ikisafiri alitengeneza sandwichi, kwa sababu njia nzima ya Kusini mwa Marekani enzi zile hapakuwa na mgahawa wa wazungu ambao ungewaruhusu wale vijana kukaa na kula.

Nimeendesha barabara hizo. Najua umbali wake. Najua njaa ya saa nane ukiwa njiani na mji ujao uko maili 60 mbele, ila mimi nikifika naingia ninapotaka, naagiza, nakaa. Nilijaribu kufikiria mtu amesimama jikoni usiku wa kuamkia safari, anapaka mikate ya vijana wakubwa wenye njaa ya futiboli, huku kichwani anapanga mpango wa kuwazuia wapinzani kwenye yadi tatu za mwisho. Nilipotoka nje nilikaa ndani ya gari dakika kadhaa kabla ya kuwasha injini.

Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 3, akapoteza 5. Msimu wa pili, 1942, timu ilishinda zote 9, na katika mechi hizo zote 9 hakuna aliyewafunga hata pointi moja. Rudia kusoma ukitaka, ndivyo ilivyokuwa.

Halafu vita vikawachukua vijana. Mwaka 1943 na 1944 chuo hakikuwa na timu, kwa hiyo Robinson akafundisha shule ya sekondari ya pale pale Grambling. Kuna kisa cha wakati huo ambacho kila anayemzungumzia anakieleza. Baadhi ya wachezaji wake walizuiwa na baba yao kucheza, kwa kuwa pamba ilikuwa imekomaa na mikono ilihitajika shambani. Robinson hakwenda kubishana na yule mzee. Aliichukua timu nzima, akaipeleka shambani, wakaichuma ile pamba mpaka ikaisha, na vijana wakarudi uwanjani.

Huyo ndiye mtu ninayetaka mwanangu amjue kabla ya kumwambia habari ya ushindi 408.

Idadi hiyo ni ya kweli na inastahili heshima yake. Kutoka 1941 mpaka 1997, akiwa na chuo kimoja tu, alishinda mechi 408, akapoteza 165, akatoka sare 15. Alichukua ubingwa wa SWAC, ligi ya vyuo vya weusi ambamo Grambling inacheza, mara 17 na ubingwa wa taifa wa vyuo vya weusi mara 9. Kuanzia 1960 mpaka 1986 hakuwa na msimu hata mmoja ambao alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda, yaani misimu 27 mfululizo. Marais 11 waliongoza Marekani akiwa kazini, kuanzia Roosevelt mpaka Clinton. Tarehe 5 Oktoba 1985, kwenye uwanja wa Cotton Bowl mjini Dallas, Grambling iliifunga Prairie View 27 kwa 7, na huo ukawa ushindi wake wa 324, mmoja zaidi ya Bear Bryant, kocha wa chuo kikuu cha Alabama, ambaye alikuwa akihesabiwa kuwa kilele cha kazi hii. Miaka kumi baadaye, Oktoba 1995, akawa wa kwanza kufikisha 400.

Baada yake John Gagliardi wa chuo cha St. John's, Minnesota, aliipita ile 408 mwaka 2003, na Joe Paterno wa Penn State akaipita 2011 kwenye daraja la juu, akafutiwa ushindi mwingi mwaka uliofuata kwa adhabu, akarudishiwa 2015. Watu hubishana sana kwenye jambo hili. Mimi halinishughulishi. Nikijua kwamba sehemu kubwa ya miaka hiyo Robinson alikuwa akipanga timu kwa bajeti ya chuo kidogo cha misituni, kulinganisha namba na namba naona ni kupoteza muda.

Turudi kwa lililonipeleka.

Mwaka 1949 mchezaji wake Paul Younger, waliyemwita Tank, alisajiliwa na Los Angeles Rams, timu ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya kulipwa. Hakuna mchezaji aliyewahi kwenda NFL kutoka chuo cha weusi kabla yake. Robinson alimweka wazi kwamba akishindwa, wenye timu watapata sababu ya kuufunga mlango kwa wote wanaomfuata. Mzigo mzito kumtwisha kijana, na sijui kama mimi ningeweza kumwambia mwanangu maneno hayo. Younger alicheza miaka kumi. Nyuma yake wakaja zaidi ya 200 waliofundishwa na Robinson na kuingia kwenye futiboli ya kulipwa. Buck Buchanan alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 1963 kwenye drafti, yaani pale timu za kulipwa zinapochagua kwa zamu, duru baada ya duru, wachezaji wanaotoka vyuoni; hiyo ilikuwa drafti ya AFL, ligi iliyoshindana na NFL enzi hizo. Willie Davis akawa nguzo ya ulinzi wa Green Bay. Willie Brown, Charlie Joiner. Hao wanne wamo kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa futiboli ya kulipwa kule Canton, Ohio.

Lakini tazama nafasi walizocheza. Walinzi, wakimbiaji, wapokeaji. Timu za kulipwa zilikuwa tayari kumchukua kijana mweusi akimbie, adake, agonge. Kumpa mpira aamue, hapana. Mwaka 1968 Oakland ilimchagua Eldridge Dickey wa Tennessee State katika duru ya kwanza, kijana aliyekuwa kotabeki hodari chuoni, kisha ikamgeuza mpokeaji. Mwaka huo huo Marlin Briscoe alicheza kotabeki Denver na kuwashangaza watu. Msimu uliofuata alikuwa Buffalo, naye mpokeaji. Niliposoma hayo nikakumbuka simu ya Vicksburg, nikalazimika kuweka kitabu chini.

Robinson alikuwa na kijana wa Monroe, mji ule ule wa mzee wangu wa kwenye ghala, aitwaye James Harris. Mrefu, mkono wake una nguvu. Robinson alimjenga kwa makusudi awe kotabeki wa kukaa nyuma ya ukuta wa wenzake na kurusha, kama walivyotaka wa NFL, ili asiwepo mtu wa kusema kijana huyu anajua kukimbia tu. Drafti ya 1969 ilipofika, Buffalo ikamchukua katika duru ya 8, chini kabisa kwa mtu wa kiwango chake. Harris aliumia moyoni, akafikiria kutokwenda. Robinson akamwambia aende, na akamwambia jambo moja zaidi, ambalo Harris amelisimulia mara nyingi: asipofaulu, asirudi akamweleza kwamba ni kwa sababu ya rangi yake. Awe amejiandaa kiasi kwamba hilo lisiwe jibu.

Maneno hayo nimeyageuza kichwani maili nyingi. Mwanzoni niliyaona makali kupita kiasi, kwa kuwa rangi ilikuwa sababu na Robinson alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikuwa na sandwichi za kuthibitisha. Nadhani alitaka Harris aende na kitu ambacho hakuna wa kumnyang'anya. Bado sijaamua kama nakubaliana naye. Harris alikwenda, na alipoanza mechi ya kwanza ya msimu wa 1969 dhidi ya New York Jets, hakuna kotabeki mweusi aliyekuwa ameanza mechi ya ufunguzi wa msimu katika futiboli ya kulipwa kabla yake. Mwaka 1974 aliiongoza Rams mpaka hatua ya mtoano na kushinda.

Kisha akaja Doug Williams kutoka Zachary, karibu na Baton Rouge alikokulia Robinson. Kwa miaka minne ya chuo alishinda mechi 36 akapoteza 7, akarusha pasi 93 za tachidauni, yaani zilizodakwa na kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani. Kabla ya drafti ya 1978 timu ya Tampa Bay ilimtuma kocha msaidizi kwenda Louisiana kumtazama. Kocha huyo alikaa naye, akamfuata mpaka darasani alikokuwa akifanya mazoezi ya ualimu. Jina lake Joe Gibbs. Aliporudi aliwaambia wakubwa zake wamchukue, wakamchukua katika duru ya kwanza.

Ninapenda sana kwamba alikwenda mwenyewe. Alikwenda, akakaa, akauliza, akatazama kijana anavyofundisha watoto. Ndilo jambo pekee ambalo mwanangu alililalamikia: hawakumtazama.

Miaka ya Williams pale Tampa na baada yake haikuwa myepesi. Alifiwa na mkewe mwaka 1983, akaondoka kwenda ligi nyingine, ligi hiyo ikafa. Gibbs, ambaye sasa alikuwa kocha mkuu Washington, akampigia simu mwaka 1986 na kumleta. Na tarehe 31 Januari 1988, San Diego, Williams akaanza kama kotabeki katika Super Bowl, fainali ya NFL, mweusi wa kwanza. Robo ya kwanza Denver walikuwa mbele 10 kwa 0, na goti lake lilijipinda akatolewa kwa muda. Akarudi. Katika robo ya pili peke yake alirusha tachidauni 4, na Washington wakafunga pointi 35. Mwisho 42 kwa 10, naye akatangazwa mchezaji bora wa mechi.

Robinson alikuwa pale, akikaribia miaka 69. Williams amesimulia kwamba alimkuta akimngoja alipotoka uwanjani, na kwamba mzee alimwambia hawezi bado kuelewa alichokifanya, akamfananishia na bondia mweusi Joe Louis alipomwangusha Mjerumani Max Schmeling. Robinson alikuwa kijana wa miaka 19 Louis alipompiga Schmeling mwaka 1938. Alijua pambano lile kwenye redio lilimaanisha nini kwa nyumba za weusi usiku ule.

Mimi mwaka huo wa 1988 nilikuwa mtoto Tanga, tunashangilia Coastal Union kuchukua ubingwa, na neno kotabeki sikuwahi kulisikia. Nikihesabu kutoka drafti ya Harris mpaka usiku ule wa San Diego ni miaka 19 na siku chache tu. Miaka 19 mtu anashikilia wazo moja, anawapitishia vijana mmoja baada ya mwingine, na kila asubuhi anapita mabwenini na kengele ya ng'ombe kuwaamsha waende darasani. Hiyo kengele ni ya kweli pia. Wachezaji wake wa kale wakikutana huanza na kengele.

Sasa sehemu ambayo mwanangu aliiuliza, na sikutaka kuiruka. Mwisho haukuwa mzuri. Vyuo vikubwa vya Kusini vilipoanza kuwachukua weusi, mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea, vile vipaji ambavyo zamani havikuwa na pa kwenda isipokuwa Grambling na wenzake vikaanza kwenda LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, na Alabama. Robinson alikuwa amepigania maisha yake yote milango hiyo ifunguke, na ilipofunguka vijana wake wakapita humo humo. Misimu ya 1996 na 1997 alishinda mechi 3 na kupoteza 8, mara mbili mfululizo. Walikuwapo wahitimu waliotaka aondoke mwisho wa 1996. Wengine wengi wakapaza sauti, akapewa mwaka mmoja wa kuaga. Mechi yake ya mwisho ilikuwa Bayou Classic, mechi ya kila mwaka dhidi ya chuo cha Southern, New Orleans, ndani ya uwanja wa Superdome, tarehe 29 Novemba 1997. Alifungwa 30 kwa 7.

"Kwa nini hakuacha akiwa na 400?" mwanangu akaniuliza. Tulikuwa wawili safari hiyo, ya tatu kwangu, kwa gari dogo, siku ya Jumamosi. Tulisimama juu ya uwanja unaoitwa kwa jina lake, ambao umechimbwa chini kama bakuli, ukiwa ukingoni unauona wote.

Nikamwambia sijui, lakini nahisi kwamba mtu aliyekata nyasi za uwanja kwa mikono yake hawezi kuuona kama kazi ya kustaafu. Robinson mwenyewe alipenda kusema kwamba rekodi yake ya kweli ni kuwa na kazi moja na mke mmoja. Mwanangu hakuridhika na jibu hilo. Akasema kama ni yeye angeacha. Sawa.

Aliyemrithi mwaka 1998 ni Doug Williams. Robinson hakupata muda mrefu wa kukaa na kumbukumbu zake. Ugonjwa wa Alzheimer ulimwanza, akafariki Ruston tarehe 3 Aprili 2007, akiwa na miaka 88. Mwili wake uliwekwa katika jengo la makao ya serikali ya Louisiana, Baton Rouge, watu wapite kumuaga. Mtoto wa mkulima wa shamba la kugawana mazao, katika jimbo ambalo lilimnyima chuo chake kikuu alipokuwa kijana, hata shahada ya pili akaenda kuipata Iowa mwaka 1954. Doris alikuwa bado hai. Walikuwa wameoana miaka 65.

Pale makumbusho, ambayo ni ukumbi wa zamani wa michezo wa wanawake wa chuo, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa zamu alimwuliza mwanangu anacheza nafasi gani. Kijana akanitazama kwanza. Kisha akajibu: "Kotabeki. Msimu huu mpokeaji." Mama akaitikia kwa kichwa, hakuongeza neno, akatupeleka kwenye picha ya Harris.

Msimu huu anacheza pembeni. Alikwenda kwa kocha wake mwenyewe, mimi sikumtuma, akamwomba baada ya msimu amtazame akirusha, hata nusu saa tu. Kocha amekubali. Ni Januari. Kila Jumapili nikiwa nyumbani tunakwenda uwanja wa nyuma ya kanisa, mimi ndiye mpokeaji. Jumapili iliyopita alirusha 60. Nilidaka 41, na zile 19 nyingine, anasema, 12 ni kosa langu.